Ilimba na Gitaa: Historia ya Albamu za Bagamoyo

Mwishoni mwa mwaka 2002 maelfu ya watu wa Marekani na Kanada walikata tiketi kwenda kumsikiliza Peter Gabriel, Mwingereza wa muziki wa roki aliyekuwa amekaa miaka mingi bila kufanya ziara kubwa. Kabla yeye hajapanda jukwaani walikutana na watu wawili kutoka Bagamoyo. Mmoja alikuwa Hukwe Zawose, mzee wa miaka sitini na ushee. Wa pili alikuwa Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake. Kumbi zilikuwa zile za mpira wa kikapu na magongo ya barafu, zenye viti visivyohesabika kwa macho. Zana zao zilikuwa zeze na ilimba, na lugha waliyoimba ilikuwa Kigogo.

Mwaka huohuo Real World, lebo ya Gabriel, ilikuwa imetoa albamu ya Hukwe Zawose na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, Charles naye akiwemo. Jina lake ni Assembly. Sijui albamu nyingine ya wakazi wa pwani hii ya kaskazini ya Dar es Salaam iliyoingia ndani ya muziki wa roki kiasi hicho, kwa gitaa la umeme, kwa mashine za midundo na kwa kazi ndefu ya studio. Hata hivyo, tunapotaja historia ya muziki wa Tanzania, inarukwa. Majina ya wapulizaji tarumbeta wa bendi za dansi tunayo kichwani, na kuhusu nani aliyeanza kurap kwa Kiswahili tunabishana mpaka usiku. Assembly haitajwi, na Wazawose waliofanya kazi ile wote wawili hawapo tena.

Ili kuielewa inabidi kurudi nyuma sana, kwenye njia ya misafara. Karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa lango la bara. Msafara ukitoka hapa ulipita Ukwere na Usagara, ukapanda hadi Mpwapwa, kisha ukaingia Ugogo, nchi ya mbuga kavu, mibuyu na visima vichache, ndipo uelekee Unyanyembe na Ujiji. Burton na Speke waliianzia Kaole, jirani na Bagamoyo, mwaka 1857. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Wagogo walikaa kwao wakangoja: kila mtemi alidai hongo, na msafara ulilipa nguo, shanga na nyaya za shaba ndipo upate maji na ruhusa ya kupita. Wasafiri wa Kizungu walijaza kurasa kuwalalamikia Wagogo kwa ajili ya hongo hiyo. Waliandika kidogo mno juu ya nyimbo zao, ingawa walilala usiku mwingi katikati ya vijiji vyao.

Hukwe alizaliwa nchi hiyo, kijiji cha Doduma mkoani Dodoma, mwaka 1938 kama inavyoandikwa katika kumbukumbu nyingi. Alikulia machungani. Mtoto wa Kigogo anayeshinda na ng'ombe ana muda mrefu na sikio lisilosumbuliwa, na Hukwe alijifunza kwa baba yake kuimba na kupiga. Muziki wa huko hauna mwimbaji mmoja anayesikilizwa na wengine wakiwa kimya. Watu huimba sauti kadhaa kwa pamoja, kila mmoja akishika njia yake, na sauti hizo hupandana kwa mpangilio ambao watafiti wa muziki wameusafiria kutoka mbali. Hugh Tracey, aliyekuwa na makao Afrika Kusini, aliwarekodi Wagogo mwaka 1950 alipozunguka Tanganyika na mashine yake. Baadaye Mhispania Polo Vallejo alirudi kwao mara kwa mara, akaandika kitabu kizima juu ya nyimbo za watoto wa Kigogo, kilichochapishwa Madrid mwaka 2004.

Zana zenyewe zinahitaji maelezo, kwa kuwa ndizo zitakazotuletea kazi baadaye, ilimba itakapokutana na gitaa. Ilimba ni sanduku la mti lenye vichuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, vinavyobonyezwa kwa vidole gumba na vya shahada. Watu wa pwani huiita marimba. Si kila kichuma hupigwa. Vingine vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe pale jirani zake wanapopigwa, na hivyo kila sauti huondoka na wafuasi wake. Juu ya tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoleta mkwaruzo mtamu ambao fundi wa studio asiyejua angedhani ni hitilafu ya spika. Hukwe hakuridhika na ilimba ya ukubwa wa kawaida. Alijenga kubwa, zenye makumi ya vichuma. Zeze nalo, ambalo kwa kawaida huwa na nyuzi mbili tatu, kwake liliongezwa nyuzi likawa karibu bendi nzima. Nalisema hili kwa sababu wageni wengi walimwita mlinzi wa mila, na sifa hiyo inamnyima nusu ya haki yake. Alikuwa fundi mbunifu, aliyebadilisha zana alizorithi maisha yake yote.

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wasomi wetu walifundishwa kucheza rumba, chachacha na hata roki, ilhali wengi hawajui kucheza ngoma za makabila yao. Masikitiko hayo yalikuwa na msingi. Tangu miaka ya 1930 santuri za Kikuba za alama ya GV zilikuwa zimefika bandari zote za Afrika Mashariki, na vijana wa mjini walikariri maneno ya Kihispania kwa sauti tu, bila kujua yana maana gani. Morogoro, kwenye barabara hiyohiyo ya misafara, Salum Abdallah alianzisha bendi mwaka 1948 akaiita La Paloma, jina la wimbo wa Kihispania, na kufikia mwaka 1952 bendi yake ikawa Cuban Marimba. Alikuwa mtunzi mkubwa, na sioni aibu yoyote katika kupenda kwake Cuba. Lakini tazama kilichokuwa kinatokea: kijana wa Morogoro alichukua muziki wa Kikuba akautia Kiswahili, ukawa wetu kabisa. Miaka hamsini baadaye mzee wa Doduma angefanya jambo kama hilo kwa gitaa la Mkanada, na sisi tusingelipokea kwa mikono miwili kama tulivyompokea Salum Abdallah.

Serikali iliunda Kikundi cha Ngoma cha Taifa, kisha cha sarakasi, ambacho vijana wake walipelekwa kusomea China, na baadaye cha maigizo. Inasimuliwa na kuandikwa mara nyingi kwamba Nyerere mwenyewe, baada ya kusikia habari za Hukwe, ndiye aliyemwita ahamie Dar es Salaam. Mgogo huyo aliingia mjini miaka ya 1960 akiwa mwajiriwa wa taifa, kazi yake kupiga ilimba. Alipokea wageni wa serikali, alisafiri na vikundi nje ya nchi, na alipiga mbele ya watu ambao hawakuwahi kufika Ugogo. Hapo ndipo alipojifunza kitu ambacho kijijini hakihitajiki: kufupisha wimbo wa usiku mzima ukae katika dakika chache za jukwaa.

Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, nacho kikarithi wasanii na walimu wa vikundi vile vya taifa. Mwaka uliofuata lilianza Tamasha la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambalo limekuwa likifanyika mwaka baada ya mwaka. Hukwe akawa mwalimu hapo, akahamia na familia yake kubwa, wake, watoto na watoto wa ndugu. Bagamoyo ilikuwa mji wa Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Waswahili wa pwani, mji wa misikiti ya zamani, wa minazi na wa majahazi. Sasa jioni ilisikika pia sauti ya Ugogo, karibu kabisa na bahari. Njia ya misafara ilikuwa imepitwa kinyume: safari hii mtu wa Ugogo ndiye aliyeteremka pwani, na hakuna aliyemdai hongo.

Chuo kilikuwa na walimu, wanafunzi na ukumbi. Kazi ya kurekodi ilikuwa kwingine. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi na vikundi vya ngoma kwa wingi, lakini kwa ajili ya matangazo. Nakala zilikaa kwenye rafu zake. Santuri za kuuza zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa, mlango huo nao ukafungwa. Mwanamuziki wa Tanzania wa miaka ya 1980 mwanzoni angeweza kusikika kila siku redioni bila kuwa na albamu hata moja ya kushika mkononi. Hukwe alikuwa katika kundi hilo, na kwa muziki wake hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu muziki wa dansi ulikuwa na baa zake na mashabiki wa kulipa, ilhali ngoma za asili zilitegemea sherehe za serikali.

Ndiyo maana albamu yake ya kwanza kujulikana duniani ilitolewa Uingereza. Mwaka 1985 lebo ndogo ya Triple Earth ilitoa Tanzania Yetu, kazi ya Hukwe na wenzake waliotambulishwa kama mafundi wakuu wa muziki wa Tanzania, na baadaye kidogo ikafuata Mateso. Wajapani nao walimrekodi na kutoa kazi zake. Hizi zilikuwa rekodi safi, zilizokusudiwa kumwonyesha msikilizaji wa mbali jinsi muziki ulivyo. Hakuna kilichoongezwa. Nazipenda. Lakini zina mipaka ya picha ya pasipoti: zinathibitisha kwamba mtu yupo na sura yake ni hii, basi.

Wakati huo Ulaya ilikuwa inaanza kuuza muziki wa namna hii kwa jina la muziki wa dunia. Peter Gabriel na wenzake walianzisha tamasha la WOMAD, la kwanza likafanyika mwaka 1982 Shepton Mallet nchini Uingereza, likawatia hasara kubwa ya fedha, likaendelea hata hivyo. Mwaka 1989 ikazaliwa lebo ya Real World, yenye studio zake kijiji cha Box, Wiltshire, kwenye kinu cha zamani cha maji. Watu wa Senegal, Pakistan, Uzbekistan na Kongo walipita pale. Mwaka 1996 Real World ilitoa albamu ya Hukwe iliyoitwa Chibite, jina la kikundi chake cha familia. Ukiisikiliza leo utasikia nyumba ile ya Bagamoyo yote: wazee kwa vijana, zeze zikijibizana, ilimba kubwa na ndogo, na nyuma yao sauti za wanawake zikishika viitikio. Sauti hizo za nyuma msomaji azikumbuke. Baada yake ilikuja Mkuki wa Rocho, albamu ya Hukwe na Charles, tulivu zaidi, iliyowaweka watu wawili tu mbele ya maikrofoni.

Hapo ndipo anaingia Michael Brook. Kwa wasikilizaji wa roki jina lake si geni. Yeye ndiye aliyebuni gitaa linaloweza kushika sauti moja bila kikomo: kifaa cha umeme huurudishia uzi nguvu yake mwenyewe, nao hauzimi mpaka mpigaji aamue. Mpiga gitaa wa U2, The Edge, aliutumia uvumbuzi huo katika wimbo With or Without You mwaka 1987, na mamilioni ya watu wameisikia sauti hiyo ndefu bila kumjua mbunifu wake. Brook alikuwa pia ametengeneza albamu mbili na Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji wa qawwali wa Pakistan: Mustt Mustt ya mwaka 1990 na Night Song ya mwaka 1996. Alikuwa amezoea kuketi na bwana wa mila iliyokamilika na kujiuliza gitaa lake litakaa wapi.

Kwa Hukwe swali hilo lilikuwa gumu kuliko kwa wengi, na ugumu wake ni wa kisayansi. Chukua uzi wa zeze, uukwaruze kwa upinde. Ndani ya sauti moja unayoisikia zimo sauti nyingine ndogo zinazopanda juu yake kwa uwiano wa namba kamili: mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Watafiti kama Mwaustria Gerhard Kubik wameonyesha kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo imejengwa juu ya mfuatano huo wa asili, hasa kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Humo imo sauti ya saba. Kinanda cha Kizungu hakina sauti hiyo. Iliyo karibu nayo kwenye kinanda iko juu kwa karibu theluthi moja ya nusu-sauti, tofauti ndogo kwa hesabu, kubwa kwa sikio. Gitaa la kawaida, lenye vizuizi vya chuma vilivyogawanywa kwa kipimo cha kinanda, likipigwa pamoja na ilimba ya Kigogo hukosana nayo kila sauti ya saba inapopita. Mtayarishaji mvivu angemwambia mzee asogeze vichuma vyake vifuate gitaa. Hilo limefanyika sehemu nyingi Afrika, na marimba zimepigwa nyundo mpaka zikasema do-re-mi.

Ukiisikiliza Assembly kwa sikio hilo unaelewa kwa nini gitaa la Brook lilifaa kuliko gitaa la mtu mwingine yeyote. Sauti isiyozima inaweza kuteleza, inaweza kukaa chini kama wingu na kuacha ilimba iamue ngazi. Kwa sehemu kubwa ya albamu hiyo gitaa halimkatizi mzee. Linamtandikia. Sauti ya Hukwe, iliyokuwa ikishuka hadi kwenye kifua na kupanda hadi kwenye kilio chembamba ndani ya pumzi moja, imebaki mbele kabisa. Charles anamjibu, na kwa ujana wa sauti yake unasikia kwamba alikuwa anaandaliwa kuushika usukani. Kuna nyimbo ambamo midundo ya mashine inasukuma mno, ikaufanya mdundo wa Kigogo, ambao una njia zake za kuvuta na kuachia, utembee kwa gwaride. Hapo nadhani Brook alikosea. Mahali pengine mashine na mzee wanakubaliana, na unasikia kitu ambacho hakikuwepo duniani kabla ya hapo: muziki wa roki usiotokana na rumba wala bluzi, ila na sanduku la vichuma la Doduma.

Wako wanaosema kazi za aina hii ni ukoloni wa sikio, mgeni anachota kisima cha mwingine. Nawaelewa, historia ya pwani hii inawapa haki ya kushuku. Lakini katika kesi hii hoja hiyo inamfanya Hukwe kuwa kitu cha kuchotwa, na hakuwa hivyo. Alikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya jukwaa nyuma yake. Alikuwa ametembea mabara, ameunda zana mpya, ameongoza familia nzima kama mkurugenzi wa kampuni. Alipokaa na Brook alikuwa mtunzi aliyekutana na mtunzi. Malalamiko ya haki yapo upande mwingine, upande wa nyumbani, nami nitafika huko.

Ziara na Gabriel ikafuata, nayo ndiyo niliyoanza nayo. Ilikuwa kilele, na muda wake ulikuwa mfupi. Tarehe 30 Desemba 2003 Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo. Mwaka 2004 Charles naye akafariki. Ndani ya muda huo mdogo familia ilimpoteza mwalimu na mrithi wake, na lebo iliyokuwa imeanza kuwajengea njia ikabaki na albamu ambazo wenyewe hawangeweza tena kuzipigia jukwaani.

Nyumbani wakati huo tulikuwa na shughuli nyingine. Profesa Jay alikuwa ametoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, redio binafsi zilikuwa zimefunguliwa, na Bongo Fleva ilikuwa inachukua nchi. Ilistahili. Hata hivyo palikuwa na nafasi ya vyote viwili, na hatukuitumia. CD ya Real World ilitengenezwa kwa mnunuzi wa London, New York na Tokyo. Bei yake haikuwa ya mnunuzi wa kanda wa Kariakoo. Watangazaji wengi hawakuwa nayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyotuletea chombo cha hakimiliki, COSOTA, ilikuwa changa, na hata leo swali la nani anamiliki wimbo wa asili uliopangwa upya na mtunzi mmoja bado linawachanganya wasanii wengi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa muziki wa Ulaya aliweza kuchambua ilimba ya Hukwe darasani kwake, wakati mtoto wa Bahi au Chamwino aliisikia tu endapo babu yake alikuwa nayo.

Familia haikukaa kimya. Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, aliendelea kutengeneza zana na kuongoza bendi, na mwaka 2017 lebo ya Soundway ya London ilitoa albamu yake, Uhamiaji, aliyoifanya na mtayarishaji Sam Jones. Msafiri alichukua somo la Assembly akalipeleka kwa kizazi chake: sinthesaiza zipo, besi ipo, lakini wimbo unatoka kwenye zeze. Naiona kama daraja lililokosa kuthaminiwa kati ya baba yake na kile kilichokuja mwaka 2024.

Kilichokuja ni Maisha, ya The Zawose Queens. Hao ni Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe. Real World ndiyo iliyoitoa, mwezi Juni 2024. Watayarishaji wake ni Waingereza wawili, Oli Barton-Wood na Tom Excell, na safari hii wao ndio waliofunga mizigo wakaja Tanzania kurekodi. Huko nyuma ilikuwa ni Wazawose wanaoifuata studio. Sasa studio iliwafuata wao.

Na wanawake wako mbele. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana kwa asiyejua. Kwa Wagogo mwanamke ana ngoma yake yenye heshima kubwa, muheme, ngoma ya kiuno chembamba inayobanwa katikati ya mapaja na kupigwa kwa viganja, yenye asili katika mafunzo ya wasichana. Zeze na ilimba zilikuwa mikononi mwa wanaume. Katika albamu za zamani za familia wanawake walikuwa ndio viitikio, zile sauti za nyuma nilizoomba zikumbukwe. Katika Maisha, Pendo na Leah wanaimba mbele, wanatunga, wanashika zana ambazo shangazi zao hawakuzishika jukwaani, na mmoja wa nyimbo zao wameuita kwa jina la ngoma hiyo, Muheme. Kompyuta imo pia katika albamu hii, na midundo yake mara nyingine ni ya kumbi za dansi za London. Lakini imewekwa juu ya muheme, haikuwekwa badala yake. Kwa sikio langu wamefanikiwa pale ambapo Assembly ilitetereka: mashine imejifunza kuvuta na kuachia.

Sitaki kulinganisha nani mkubwa. Hukwe ndiye aliyefungua njia, na bila gitaa la Brook la mwaka 2002 sidhani kama mtu wa Real World angekuwa na imani kwamba sauti hii inaweza kubeba umeme bila kuvunjika. Ila ni haki kusema kwamba albamu iliyo bora zaidi kati ya zote zilizounganisha Ugogo na vyombo vya kisasa imetengenezwa na wanawake waliokuwa wamewekwa mstari wa nyuma.

Chuo cha Sanaa sasa ni TaSUBa, wakala wa serikali tangu mwaka 2007, na kinafundisha vijana kutoka mikoa yote na nje ya nchi. Dodoma nako, Chamwino, tangu mwaka 2009 kuna tamasha la muziki wa Kigogo, lililoanzishwa kwa juhudi za Kedmon Mapana, Mgogo na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye baadaye alikuja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Vikundi vya vijiji hukusanyika, wazee na watoto wa shule, na ilimba hupigwa chini ya miti. Mahali pa kuzipokea albamu hizi nyumbani papo, na watu wa kuzisikiliza wapo. Kinachotakiwa ni kwamba Real World, Triple Earth na familia waafikiane, Tanzania Yetu, Chibite, Mkuki wa Rocho na Assembly ziwekwe kwenye maktaba ya TaSUBa na kwenye rafu za redio ya taifa, zipigwe hewani, na mapato yake yafike kwa warithi. Kazi hiyo haihitaji mfadhili mkubwa. Inahitaji barua chache na watu wenye nia.

Na wewe unayesoma, anza na Chibite, uende Assembly, umalizie na Maisha, usikilize kwa mpangilio huo. Kama nyumbani kwenu kuna kanda ya zamani ya Chuo cha Sanaa au ya kikundi cha Zawose, iliyorekodiwa kwenye tamasha au kwenye sherehe, ipeleke Bagamoyo inakiliwe kabla utepe haujaharibika.